Si Kila Koo Lililovimba ni Tonsesi

Mjini Babati, Mwiraqw na Mrangi, Mgorowa na Mmbugwe, mwenye duka na dereva wa bodaboda, wanabishana juu ya mambo mengi, lakini juu ya hili wamekubaliana: koo likivimba likauma ni tonsesi, na dawa ya tonsesi ni rangi mbili, zile kapsuli za antibiotiki kama amoksilini. Nimekua na kauli hiyo na kwa miaka mingi niliiamini. Leo naipinga yote, nusu yake ya kwanza na nusu yake ya pili, kwa sababu nimeona inavyoumiza watu.

Simama jioni moja karibu na duka la dawa muhimu, liwe la stendi au la kata ya Bagara, usikilize. Mama anafika na mtoto mgongoni.

"Dada, naomba dawa ya tonsesi."

"Ya mtoto au ya mkubwa?"

"Ya mtoto, huyu hapa."

"Nikupe dozi nzima au nusu kwanza?"

Mama anahesabu fedha zake, anachukua nusu, anaondoka. Yameulizwa maswali mawili tu, moja la umri na moja la fedha. Hakuna aliyeuliza mtoto ameanza kuumwa lini, kama ana homa, kama anakohoa, kama anameza mate yake au yanamtiririka. Hakuna aliyesema: hebu mfungue mdomo tuone. Jina la ugonjwa limetoka kwa mama, dawa pia imetajwa na mama, na kazi ya muuzaji imekuwa kuhesabu vidonge.

Maduka haya siyadharau. Yalianza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003, yakaenea nchi nzima badala ya yale ya dawa baridi, na mahali ambapo zahanati iko mbali yamekuwa msaada mkubwa. Ninachokipinga ni imani tunayoingia nayo dukani. Muuzaji hata akitaka kuuliza, tunamwona anatuchelewesha. Tumeshajua tunaumwa nini.

Na hatujui. Tonsesi zenyewe si ugonjwa. Ni vinofu viwili vya nyama vilivyo kulia na kushoto mwa koo, kila mtu kazaliwa navyo, kazi yake ni kupambana na vijidudu vinavyopita mdomoni na puani. Vikivimba vinatuambia kuna mapigano, lakini havitaji jina la adui. Babati ni njia panda: barabara ya Arusha, ya Singida na ya Dodoma zote zinakutana hapa, na msafiri unayemkuta stendi huwezi kujua ametokea wapi mpaka umuulize. Koo nalo ni njia panda ya mwili. Hewa hupita hapo, chakula hupita hapo, pua na masikio yamefungulia hapo, meno yako mlangoni, tezi zimepangana shingoni pande zote. Maumivu unayoyakuta hapo yanaweza kuwa yametoka popote.

Mara nyingi hutoka kwa virusi, jamaa wa mafua yale yale tunayoambukizana kwenye daladala na madarasani. Kwa watu wazima wenye koo linalouma, bakteria aitwaye streptokoka wa kundi A ndiye chanzo kwa kama wagonjwa 5 hadi 15 katika kila 100. Kwa watoto ni kama 20 hadi 30. Wengi kati ya waliobaki ni watu wa virusi, na kirusi hakijui amoksilini. Unaweza kumeza kopo zima, kirusi kitaondoka siku yake ikifika.

Hapo ndipo ninapojibiwa kwa hoja ambayo kila mtu anayo: "Mimi nilikunywa nikapona." Naikubali kabisa, ulipona. Lakini wanasayansi wa mtandao wa Cochrane walikusanya majaribio yaliyofanywa kwa maelfu ya wagonjwa wa koo, wengine wakipewa antibiotiki na wengine kidonge kisicho na dawa yoyote ndani. Kati ya kila 100 waliomeza kidonge kitupu, 82 walikuwa hawana dalili tena wiki moja baadaye. Kwa wastani, antibiotiki ilipunguza muda wa maumivu kwa kama saa 16. Basi jirani yako aliyepona siku ya tano baada ya kumeza rangi mbili, kuna uwezekano mkubwa kwamba angepona siku hiyo hiyo kwa maji ya chumvi ya kusukutua, chai ya uvuguvugu na panado. Jogoo akiwika alfajiri, jua halichomozi kwa amri yake.

"Hata kama haisaidii, haidhuru." Hii ndiyo hoja ya pili, na ni hatari kuliko ya kwanza. Aliyegundua penisilini, Alexander Fleming, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alitoa hotuba, na mwishoni mwa hotuba hiyo akatoa mfano wa mtu mmoja asiye na jina. Mtu huyo anaumwa koo. Ananunua penisilini mwenyewe, anameza kidogo isiyotosha, anawafundisha vijidudu kuizoea dawa, kisha anamwambukiza mkewe. Fleming hakuwahi kufika Babati, lakini kati ya magonjwa yote duniani alichagua koo, na kati ya makosa yote alichagua nusu dozi. Haki idaiwe: streptokoka wa kooni hadi leo bado anauawa na penisilini. Walioizoea dawa ni wengine wanaoishi ndani ya miili yetu, wale wa tumbo, wa njia ya mkojo, wa mapafu, ambao kila tunapomeza dawa ya koo nao wanaonja. Mwaka 2019 usugu wa bakteria uliua moja kwa moja watu wanaokadiriwa kufika milioni 1.27 duniani. Serikali yetu inauita UVIDA, usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Mwanamke anayejifungua kwa upasuaji na kidonda chake kikagoma kusikia dawa analipa deni la makoo ambayo hayakuhitaji dawa.

Wapo pia wanaolaumu vumbi na baridi; juu ya hayo sitakaa sana. Ni kweli upepo wa Juni na Julai unaoshuka kutoka Mlima Kwaraa unakausha koo, na vumbi la kiangazi linawasha. Lakini vumbi haliweki usaha kwenye tonsesi wala halipandishi homa. Baridi inatufungia ndani, madirisha yamefungwa, tunakoholeana. Tunaugua kwa sababu tumebanana chumba kimoja.

Sasa nije kwenye sehemu inayoniuma zaidi. Kuna atakayesema: umesema mwenyewe watoto 20 hadi 30 katika 100 wana bakteria, basi si heri wote wapewe? Ningependa mama yule wa dukani asikie jibu langu, kwa sababu hapa antibiotiki inahitajika kweli, na hapa ndipo tunapoitumia vibaya kuliko mahali popote. Streptokoka akiachwa kwenye koo la mtoto, hasa wa miaka 5 hadi 15, anaweza kuondoka kooni na kuacha balaa nyuma. Wiki mbili au tatu baadaye koo limeshapona na kusahauliwa, lakini kinga ya mwili, iliyojifunza kumwinda bakteria yule, inaanza kuushambulia mwili wenyewe: magoti na vifundo vinavimba kwa zamu, na milango ya moyo inapata makovu. Inaitwa homa ya baridi yabisi, na jina hilo limetupoteza, maana tunaposikia "baridi" tunatafuta blanketi. Mlango wa moyo ukishaharibika haurudi. Binti anakuwa msichana asiyeweza kupanda ngazi, na ujauzito unakuwa hatari kwa maisha yake. Wengine wanaishia Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, wakingoja kufunguliwa kifua ili mlango ubadilishwe, na hao ndio waliobahatika kufika. Mei 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio juu ya ugonjwa huu, kwa sababu katika nchi tajiri umekaribia kusahaulika, ilhali kwetu unaendelea kuua vijana.

Na kinga yake ni rahisi sana: penisilini ya vidonge kwa siku 10 kamili, au sindano moja ya benzathini, ikitolewa ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma. Siku 10 si siku 2. Nusu dozi inatuliza koo bila kumaliza bakteria. Inamfanya mtoto arudi kucheza, mama ashukuru, na moyo uachwe bila ulinzi. Hivyo desturi yetu inampa dawa mtoto mwenye kirusi ambaye haihitaji, na inampunja mtoto mwenye bakteria ambaye moyo wake unaitegemea.

Tutawatofautishaje? Tangu mwaka 1981 madaktari wana alama nne ambazo mtu yeyote aliyefundishwa anaweza kuzitazama: homa, usaha au utando mweupe kwenye tonsesi, mitoki inayouma upande wa mbele wa shingo, na kutokuwepo kwa kikohozi. Anayekohoa, anayetiririka kamasi, macho mekundu, sauti imekauka, huyo mara nyingi ni wa virusi. Mwenye alama zote nne anastahili kupimwa na kutibiwa, na kwa mtoto katika nchi yenye ugonjwa wa moyo kama yetu, tabibu ana haki ya kuamua haraka kumpa dawa. Vifaa vinavyohitajika ni tochi, kijiko cha kukandamizia ulimi na vidole vya kupapasa shingo. Tochi iko kwenye kila simu iliyomo mifukoni mwetu.

Halafu kuna magonjwa ambayo hayana habari na mjadala wa kirusi na bakteria hata kidogo, na ambayo jina la "tonsesi" linayafunika kama mkeka juu ya kisima.

Mtoto wa dada yangu, kijana wa kidato cha pili, alimezeshwa rangi mbili mara tatu ndani ya wiki mbili. Mara ya tatu alikuwa hawezi kufungua mdomo zaidi ya upana wa kidole, anaongea kama mtu mwenye kiazi cha moto kinywani, na maumivu yamehamia upande mmoja tu. Tuliambiana kuwa hizi ni tonsesi sugu. Lilikuwa jipu nyuma ya tonsesi. Lilipotobolewa hospitalini usaha ulijaza bomba la sindano na siku ile ile akanywa uji. Kidonge peke yake kwa kawaida hakikamui jipu la namna ile. Tuliomchelewesha ni sisi, wazazi na wajomba, tuliokuwa na uhakika.

Dondakoo vijana wengi hawalijui hata kwa jina, na hiyo ni kazi ya chanjo. Ni mojawapo ya magonjwa matano yanayokingwa na sindano ya pajani ambayo mtoto hupewa akiwa na wiki 6, 10 na 14. Hujenga utando wa kijivu kooni, umeganda kiasi kwamba ukibanduliwa damu hutoka, shingo ikavimba ikawa pana kama ya fahali, na sumu yake hufika kwenye moyo. Nigeria ilishuhudia mlipuko mkubwa mwaka 2023 miongoni mwa watoto wasiokamilisha chanjo. Mzazi aliyeacha kadi ya kliniki ikaishia wiki ya sita asijifariji kuwa ugonjwa huu ni wa zamani.

Mkoa wetu wa wafugaji una sababu nyingine ya kutazama shingo kwa makini. Mitoki inayokua polepole, haiumi sana, imekaa wiki nyingi, pengine inashikana na kupasuka, inaweza kuwa kifua kikuu cha tezi. Mwaka 2001 watafiti wakiongozwa na Rudovick Kazwala wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo walichapisha habari za kimelea cha kifua kikuu cha ng'ombe kilichopatikana kwenye tezi za shingo za wagonjwa Watanzania. Ng'ombe mgonjwa huweza kukipitisha kwenye maziwa, na maziwa mabichi tunayanywa tukiyasifu kuwa yana nguvu. Kuyachemsha hakuondoi nguvu hiyo. Mgonjwa wa namna hii anaweza kumaliza mwaka akinunua dawa ya tonsesi, wakati dawa za kifua kikuu zinatolewa bure.

Na mzee ambaye sauti imekwaruza zaidi ya wiki tatu, au chakula kinakwama, kwanza ugali, kisha wali, mwisho hata uji, huku mwili ukipungua? Saratani ya umio imeandamana na ukanda huu wa Afrika Mashariki kuanzia Ethiopia hadi Malawi kwa namna ambayo wataalamu bado wanaitafuta sababu. Moja inayotiliwa shaka iko kwenye vikombe vyetu: utafiti wa Kilimanjaro uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta watu, kwa wastani, wakianza kunywa chai ikiwa na zaidi ya nyuzi 70, na mwaka uliofuata shirika la kimataifa la utafiti wa saratani likaweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 katika kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani. Mzee wa namna hii kila kidonge anachonunua kinamnyima wiki mbili za matibabu, na wiki hizo hazirudishwi.

Wanaokataa kunisikia juu ya vidonge, wapo wanaonivuta upande wa pili: "Basi usimpe dawa za dukani, mpeleke akakatwe kimeo." Kwamba kikohozi kisichoisha na koo linalowasha vinaletwa na kimeo kirefu kinachogusa ulimi, na kwamba bibi zetu walikatwa wakaishi. Bibi zetu walioishi ndio waliobaki kusimulia. Mwaka 2015 madaktari wa idara ya dharura ya Muhimbili, Hendry Sawe akiwa mmoja wao, walichapisha taarifa juu ya watoto waliofikishwa kwao baada ya kukatwa kimeo na waganga wa jadi, na kati ya watoto hao wapo waliofariki. Kimeo huvimba kwa sababu koo limevimba. Kukikata ni kumkata mjumbe aliyeleta habari, tena kwa kisu ambacho hatujui kilipita kwenye damu ya nani. Mtoto anayekohoa mwezi mzima anahitaji kupimwa kifua kikuu, pumu na nimonia. Katika hili sina neno la kulainisha: kumkata mtoto kimeo ni kumdhuru.

Sitakwepa hoja nzito kuliko zote, kwa sababu wanaoitoa wana haki. Wanasema: hospitali kuna foleni, siku nzima ya kibarua inapotea, na ukifika pengine tabibu naye hakuinui kichwa, anaandika amoksilini kabla hujamaliza sentensi. Ni kweli. Nimekaa kwenye kiti hicho, nikaandikiwa dawa ya koo na mtu ambaye hakuliona koo langu. Kosa hilo si dogo kuliko la dukani, ni kubwa zaidi, maana yeye alisomeshwa. Lakini jibu la tabibu asiyetazama ni kumdai atazame. Watu wa Babati tunajua kudai. Mkulima akipeleka mahindi sokoni hakubali yapimwe kwa macho, anataka mizani. Basi tukifika kwa tabibu tuseme kwa adabu: "Daktari, naomba unitazame koo." Na tukiingia dukani tumruhusu muuzaji aulize, na akisema "huyu mpeleke hospitali" tusihamie duka la jirani.

Wala sisemi kila koo likimbizwe hospitali. Mtu mzima mwenye mafua na koo linalowasha akae nyumbani siku tatu nne, anywe maji, asukutue kwa maji ya chumvi, ameze panado. Mtoto asipewe aspirini, na asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali. Homa ikizidi siku tatu, au alama zile nne zikionekana, aende akatazamwe, na akiandikiwa siku 10 azimalize zote hata kama koo limepoa siku ya pili.

Lakini zipo dalili ambazo hazingoji kesho, na naomba kila anayesoma hapa amsomee mwenzake. Mtoto anayetokwa mate kwa sababu hawezi kuyameza. Anayekoroma au kupiga mluzi anapovuta pumzi, au anayekaa ameinama mbele akitafuta hewa. Huyo usimlaze chali wala usimwingize kijiko mdomoni, mbebe alivyokaa. Mtu asiyeweza kufungua mdomo. Shingo iliyovimba ghafla, au uvimbe chini ya kidevu baada ya jino kuuma. Aliyekula samaki wa ziwani, mwiba ukakwama, na hauondoki. Hawa dukani hawana dawa. Wafikishwe hospitali usiku huo huo, na mtu wa kwanza watakayemkuta pale aombwe achukue tochi.